Nyufa za Kuchora

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na hayajabaki ya kuchezea, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Mtaani kwetu wananiita Chumvi. Wanasema siwezi kueleza hata nilivyokunywa maji bila kumtia mamba ndani ya kikombe. Waache waseme. Safari hii sijaongeza hata punje. Nyumba ipo, jiko lipo, na chumbani kwangu, mahali kilipokuwa kitanda, pako wazi. Anayebisha aje apige magoti apapase.

Nyumba hiyo tuliachiwa na wazazi, mimi na dada yangu mkubwa. Ni ya mawe, ya zamani, na dari zake ziko juu sana hata joto likishapanda kule halioni sababu ya kuteremka. Madirisha na fremu zake havijawahi kupatana. Msimu wa baridi upepo hauingii kwa kunyata. Unaingia kama mwenye nyumba, unakagua sebule, unapita korido, unatokea jikoni ukiwa umeshajua tumepika nini. Mwaka ninaousema, baridi ilizidi mpaka paka wetu akawa anatoka nje kwenda kuota ukungu.

Kilichosimama kati yetu na baridi hiyo ni jiko la chuma la sebuleni, jeusi, la miguu mifupi, lenye bomba la moshi linalopanda ukutani na kutokea juu ya paa. Likipewa kuni kavu hukoroma kama mzee aliyeshiba. Likipewa kuni mbichi, hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Tulikuwa watatu. Dada, aliyeshona mashuka ya hospitali mpaka macho yakamwomba apumzike. Mume wake, shemeji yangu, seremala. Na mimi, mchora mabango mstaafu. Sikufundishwa na mtu. Herufi nilizipata kwa kunakili maandishi ya makopo ya rangi. Lakini kazi niliyojivunia zaidi haikuwa mabango, ilikuwa milango. Mtu ananiletea mlango wa mbao rahisi, namchorea mishipa, vifundo na pete za mti, mpaka jirani yake anaapa kwamba ni mbao ya kitajiri. Shemeji aliichukia kazi hiyo. Alisema amewahi kuona watu wanaodanganya kwa mdomo na wanaodanganya kwa macho, ila anayedanganya kwa mlango ni mimi peke yangu.

Mwaka huo Shemeji alikuwa kitandani. Vumbi la mbao alilolivuta maisha yake yote lilikuwa limejijengea nyumba kifuani mwake. Tulikihamishia kitanda chake sebuleni, karibu na jiko, na muuguzi aliyekuwa akipita kumwangalia alituambia mambo yako mawili tu: asipigwe na baridi, asivute moshi. Tukimkinga na hayo atauona msimu wa jua. Tukishindwa, alisema, dawa zake zitakuwa maji ya kunywa tu.

"Nikizidiwa msimwite fundi," Shemeji alimwambia. "Mbao ninazo."

Alikuwa nazo kweli. Chini ya kitanda chake zilipangwa mbao nyekundu, pana, nzito, alizozikausha tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila mtu nyumbani alijua ni za nini. Aliwatengenezea watu majeneza miaka yote, na mara nyingi ndugu walikuwa na haraka, mbao zikawa mbichi, na yeye akarudi nyumbani amenuna. Mbao mbichi hujikunja ardhini, alisema, na yeye hakukusudia kugeuzwageuzwa wakati amelala. Ila hakuzipiga hata msumari mmoja. Jeneza lililokamilika, alisema, hukaa likimtazama mtu.

Sasa kuhusu kuni. Msimu wa jua, Shemeji akiwa bado anatembea kwa mkongojo, aliniita uani akanieleza kama anayemweleza mtoto. Kuni za baridi hukatwa jua likiwa kali. Zipasuliwe mapema, kwa sababu gogo lenye gamba zima ni chupa yenye kizibo, maji hayatoki. Zipangwe juu ya mawe, zisiguse udongo, na upepo uachiwe njia katikati. Kifua chake hakingeinua shoka tena, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Nikamwambia alale usingizi, yaani asiwe na wasiwasi hata kidogo.

Niseme kwa kujitetea kwamba msimu huo jua lilikuwa kali mno. Na kwa kinyozi kulikuwa na kivuli, benchi, na watu waliotaka kusikia jinsi nilivyowahi kuchora bango la nyama lililo hai kiasi kwamba mbwa walilala chini yake wiki nzima. Kila nilipotoka, Dada alidhani nakwenda kukata kuni. Nikirudi ananiuliza zimefikia wapi, nami namwambia zinaendelea vizuri, nimezipanga nyuma ya karakana ya rafiki yangu kwa sababu kule kuna upepo mzuri. Baada ya muda rundo hilo lilikua hata mimi nikaanza kuliona. Nilimwambia zimekauka mpaka panya wanaziogopa, wakizipitia zinalia.

Baridi ilikuja mapema, bila kubisha hodi. Asubuhi moja Dada alisimama mlangoni kwangu na shali kichwani.

"Mdogo wangu, kalete zile kuni."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa na mkokoteni. Upande wa barabara kuu vibarua walikuwa wakikata mikaratusi iliyoegemea nyaya za umeme, na hawakujali nani anabeba nini. Nikapakia vipande vilivyokatwa asubuhi hiyo hiyo. Vilikuwa vizito kama maiti, na vilinuka majani. Nikavipeleka nyuma ya karakana ya rafiki yangu, mahali palipotakiwa kuwa na rundo langu, nikavipasua, kisha nikaketi nikavitazama. Hata mtoto angejua. Kuni kavu ina rangi ya kijivu, na kichwani pake, pale ilipokatwa, ina nyufa kama kisigino cha mkulima. Hizi zilikuwa nyeupe, laini, na zinatoa jasho.

Basi kila mtu na fani yake. Nilipaka vichwa majivu. Nikachukua brashi yangu nyembamba kuliko zote, rangi nyeusi niliyoichanganya na ya udongo, nikachora nyufa. Sikuzichora ovyoovyo. Mwingine mrefu, mwingine mfupi, mwingine umekatika katikati kama unaofikiri. Nikaukwaruza kila mmoja kwa ncha ya msumari ili uwe na kina. Niwaambie ukweli, ilikuwa kazi safi kuliko milango yangu yote, na ilinisikitisha kwamba sikuweza kumwonyesha mtu.

Dada alikipokea kipande cha kwanza, akakigeuza mkononi, akapitisha kidole juu ya nyufa zangu. Macho yake, nimeshasema, yalikuwa yamechoka.

"Umefanya kazi," aliniambia. Halafu akanipikia chai.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Hawakulala nyumbani kwetu. Kuni ziliingia jikoni zikaanza kulia, siii, siii, na kwenye vichwa vyake povu likachuruzika, likapita juu ya nyufa zangu bila kuingia hata mmoja. Moto ulikuwa mdogo, wa rangi ya machungwa, unaojikokota. Moshi ulipanda bombani kidogo, ukaghairi, ukarudi sebuleni. Ulikuwa mzito, mchungu, wa kuuma koo, na Shemeji alianza kukohoa kikohozi kile cha kumkunja mtu kama karatasi.

Dada akafungua madirisha. Moshi ukatoka, baridi ikaingia. Akafunga, baridi ikabaki na moshi ukarudi. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Tukifunga anavuta moshi, tukifungua anapigwa na baridi, na kati ya hayo mawili hapakuwa na la tatu. Dada alikuwa akisimama dirishani na mkono kwenye komeo, anamsikiliza mumewe anavyopumua, anafungua, anasikiliza, anafunga. Nilimwona akilia, akasema ni moshi.

Aliniuliza kulikoni. Nikamwambia kuni hizo ni za mti wa asili ya mabondeni, hutoa jasho kwanza kabla ya kuzoea nyumba. Siku nyingine nikamwambia bomba la maji lilipasuka nyuma ya karakana likazilowesha juujuu. Alikitazama kipande alichoshika, akazitazama nyufa, akakitia motoni. Nyufa zilinitetea vizuri kuliko ulimi.

Baada ya siku chache bomba la moshi lilianza kutokwa na kitu cheusi kwenye maungio, kama lami nyembamba, kikidondoka sakafuni. Nilipanda juu ya paa kulikwangua na nikashuka mweusi hata paka hakunijua. Ndani ya bomba njia ilikuwa imebaki ya kupita panya mwembamba. Muuguzi alipokuja alisimama tu mlangoni, akaushika mkono wa Shemeji, akaangalia kucha zake, ambazo zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Alimwambia Dada kwamba mtu huyu anahitaji joto lisilo na moshi, na analihitaji sasa.

Mchana huo Dada alikwenda kumsindikiza. Shemeji aliniita kwa kidole.

"Lete kuni mbili hapa. Gonganisha."

Nikazigonganisha. Zilitoa sauti kama mtu anayepiga mto.

"Sasa vuta mbao mbili hapo chini yangu. Gonganisha."

Zikalia. Zililia kwa muda, sauti ndefu, safi, kama kengele ya shule iliyo mbali.

"Umesikia?"

Sikujibu.

"Kavu hulia," akasema. "Mbichi hunyamaza, kama wewe hivi sasa."

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu Dada alipoangusha kile kipande cha kwanza kikapuni. Yeye ni mgonjwa wa kifua, si wa masikio. Alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe, lakini ameona kifua chake hakina subira hiyo. Kila maneno machache alipumzika, na mimi nilisimama na mbao zake mikononi kama mtumishi aliyekamatwa na vijiko vya wizi.

"Chukua msumeno," akasema. "Uzikate zienee jikoni."

"Shemeji, hizi ni zako za..."

"Najua ni za nini. Nikiwa maiti sitasikia baridi."

Akaongeza kwamba hatanisemea kwa mke wake, wala hatamwongopea kwa ajili yangu. Akiulizwa atajibu. Lakini la kumwambia nitamwambia mimi. Nikaahidi, kesho. Akafumba macho, akatabasamu upande mmoja.

"Kesho yako naijua. Ndiyo niliyoisubiria kuni."

Dada aliporudi akanikuta uani nakata. Alipotambua ninachokikata aliketi palepale kwenye kizingiti. Shemeji akamwita ndani, wakazungumza, sikusikia yote. Nilisikia akimwambia kwamba mbao ni mbao, na kwamba amewapa joto watu wengi waliokufa, apewe na yeye akiwa hai. Dada alivibeba vipande vya kwanza mwenyewe, amevikumbatia kama nguo za mtoto.

Na zikawaka. Mniruhusu hapa nisitie chumvi, maana haihitajiki. Moto ulikuwa mrefu, wa manjano, bila sauti ya kulalamika. Jiko likakoroma. Bomba likawa jekundu kidogo shingoni. Joto lilipanda darini, likajaza kule juu, na kwa mara ya kwanza nikaliona likiteremka. Dada alifunga madirisha yote. Harufu ya mbao zile ilikuwa tamu, na Shemeji alivuta pumzi, pumzi nzima, akasema, "Huo ndio mti." Alikula uji. Alimtania Dada kwamba kama angejua jeneza lina joto hivi angeingia mapema. Dada hakucheka, lakini alimpiga begani taratibu, na kwa mtu anayemjua Dada hicho ni kicheko.

Zile kuni zangu tulizipanga kulizunguka jiko ili zikauke. Shemeji ndiye aliyeelekeza akiwa kitandani: moja hivi, moja vile, acheni nafasi. Alikuwa akitengeneza ukuta wa kumvusha. Mbao zikiisha, kuni ziwe tayari. Kila siku alinigongesha mbili akasikiliza. Bado, anasema. Kila siku pia alinitazama Dada akiwa karibu, halafu akanitazama tena. Nami kila siku nilikuwa na sababu. Leo amechoka. Leo ana furaha, nisimharibie. Leo anashona.

Mbao za mtu mmoja si msitu. Nilizikata nyembamba kadiri nilivyoweza, nikawa natia kipande kimoja na kukilinda kama mwizi. Siku ya kipande cha mwisho nilizigonganisha kuni zangu mwenyewe bila kuambiwa. Zilianza kutoa mlio, ila wa chini, wa kikohozi.

"Zinakaribia," akasema Shemeji. "Ungeanza wiki mbili kabla."

Si lawama. Alisema kama fundi anayepima.

Tulizitia hivyo hivyo. Moshi ulirudi, si mwingi kama mwanzo, lakini kifua chake hakikuhitaji mwingi. Baridi ya asubuhi iliyofuata iliweka barafu ndani ya ndoo ya jikoni. Dada alikuwa dirishani, mkono kwenye komeo, anasikiliza. Akafungua. Akasikiliza. Halafu hakufunga. Alisimama tu pale upepo ukimpita, na mimi nikajua kwamba hakuna tena cha kusikiliza.

Watu walikuja, wakaketi, wakaondoka kutafuta kinachotakiwa. Seremala wa upande wa pili wa mtaa alituma salamu kwamba pole sana, mbao alizonazo zimeletwa juzi, bado zinanuka msitu, ila atajitahidi. Dada akamjibu asianze kwanza.

Sebule ilikuwa baridi. Alipiga magoti kukoka moto kwa ajili ya wageni, akachukua kipande kutoka kwenye ukuta wa kuni zangu. Nilimwona amesita. Akakigeuza. Akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akakiweka karibu na macho yake yaliyochoka, akachukua kingine, na kingine.

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kuni zilipokuwa zikikauka kando ya jiko, zilikuwa zimepasuka kweli. Nyufa zake zenyewe zilikuwa zimefunguka kutoka kwenye moyo wa mti kwenda nje, kama miale, pana kiasi cha kuingiza ukucha. Na zile zangu zilikuwa palepale nilipozichora, zimekatiza popote, nyembamba, nadhifu, hazijaongezeka hata unywele. Kila kipande kilikuwa na ukweli na uongo vimepishana, na mtoto angejua upi ni upi.

Dada aliingiza ukucha kwenye ufa mmoja. Ukaingia. Akaujaribu wa pili, akakwangua, kipande kidogo cha rangi kikabaki kwenye ukucha wake. Alikitazama kwa muda. Akakuna tena.

"Huu umefunguka wenyewe," akasema. "Na huu?"

Nikafungua mdomo. Naapa sikupanga, ulimi una mazoea yake. Nikaanza kumweleza kwamba kuna aina ya mkaratusi, unaoota kando ya barabara, ambao...

"Mdogo wangu. Usianze."

Nikanyamaza.

"Alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kipande cha kwanza."

Alikirudisha kipande mahali pake, taratibu, kwenye mpango ule ule alioelekeza mumewe. Nilikuwa nimejiandaa apige kelele, anirushie kuni, anifukuze. Alijifuta ukucha kwenye kanga, akapita mbele yangu, akafuata korido hadi chumbani kwangu, akasimama kwenye kizingiti.

Kitanda changu alikitengeneza Shemeji niliposema nataka kuoa. Alisema mwanamke atakayenikubali anastahili angalau kulala mahali pa kweli. Alikitoa kwenye mti ule ule aliotoa mbao zake. Mke wangu alilala humo miaka yetu yote mpaka siku alipoondoka, na upande wake ubao umeng'aa kwa kupapaswa, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuushika akisikiliza hadithi zangu, ili asianguke kwa kucheka, alisema.

Dada aligonga kichwa cha kitanda kwa kifundo cha kidole. Kikalia.

"Mume wangu halali ndani ya mbao mbichi," akasema.

Sikubisha. Nilileta nyundo ya mpira, nikapiga magoti. Hakukuwa na msumari hata mmoja humo; ndimi za mbao ziliingia kwenye matundu yake, na kila niliougonga ulitoka mzima, safi, kana kwamba Shemeji alijua kitakuja kufunguliwa. Nilitoa ubao wa miguuni, kisha mbavu, kisha pande mbili ndefu. Dada alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukavitoa uani kwa yule seremala, ambaye Dada alikuwa amemwita, akisubiri na kofia mkononi. Ubao ule uliong'aa niliutoa wa mwisho. Nilifikiri kuuficha. Nikamkuta Dada ananitazama, nikaubeba nikaenda nao.

Seremala alifanya kazi mchana kutwa. Jeneza lilipokamilika lilikuwa jekundu, wazi, na kwenye kifuniko mishipa ya mti ilipita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Pembeni palikuwa na kifundo kimoja kilichobanduka kidogo. Nilikwenda kuchukua brashi yangu nyembamba na kopo la rangi, nikakirekebishe kisionekane, na ikiwezekana niandike jina lake kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Dada alinisimamisha kabla sijafungua kopo. Alinyoosha mkono, kiganja juu, nami nikaiweka brashi pale. Halafu akanyoosha wa pili, na nikamwekea kopo.